Nyoka wa Mayai Saba na Mkanda wa Gari Langu

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Naviundu kuniuliza habari za injini, wote mnaanza kwa kucheka. Mnaingia uani, mnasalimu vizuri, kisha macho yenu yanakwenda kwenye kile kipande cha katoni nilichokipigilia juu ya meza yangu ya kazi. Kina mayai saba yaliyochorwa kwa makaa, na nyoka anayejipinda katikati yao, mwenye jicho na ulimi. Mnasema, "Papa Ngoie, mujukuu yako anajua kuchora." Leo nitawaambia ni nani aliyechora, lakini mkae chini kwanza, na huyo mwenye simu aiweke mfukoni.

Nimefanya umakanika zaidi ya miaka arobaini, karibu yote katika gereji moja ndogo ya komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu huu, si ile nchi, nyuma ya soko. Sasa nimestaafu. Maana yake nafanya kazi ileile, ila nyumbani, na bosi ni mke wangu.

Tuanze na mkanda wenyewe, ambao hapa kwetu tunauita kuruwa. Injini inapozunguka, mkanda huo ndio unaobeba nguvu yake na kuzungusha vingine: pampu ya maji, dinamo inayojaza betri, pampu ya usukani, mashine ya hewa baridi. Zamani kila kimoja kilikuwa na mkanda wake mfupi. Ukikatika mmoja, unaendelea kutambaa hadi nyumbani na waliobaki. Siku hizi ni mkanda mmoja mrefu, wenye mifereji tumboni na mgongo laini, unaopinda huku na huku na kubeba kila kitu peke yake. Ukikatika huo, gari zima linakaa chini. Aliyeubuni alikuwa na akili nyingi, lakini nina hakika hakuwahi kukwama barabara ya Kasapa wakati wa mvua.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mwape, mwenye gereji, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa kukaza mkanda kupita kiasi. Nilikuwa na nguvu za ujana, nikaukaza hadi ukalia ukiguswa, nikajisifu. Wiki moja baadaye beringi za dinamo ya mteja zilikuwa zimekwisha. Papa Mwape hakunipiga. Alinipa ile dinamo mikononi, nikaibeba kwa miguu kutoka gereji hadi kwa mteja, katikati ya soko, na kila aliyeniuliza nabeba nini nilitakiwa kujibu: "Kiburi changu." Watu wa Kenya wanapenda kuuliza. Niliulizwa mara nyingi sana. Tangu siku hiyo najua: mkanda ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, yale magurudumu unayoyazunguka, ushuke kidogo, basi. Usiposhuka kabisa, umezidi kukaza. Ukishuka sana, umelegea.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoniletea aibu hadi leo. Kabla ya kuvua mkanda mrefu, alisema, chora njia yake. Chuchumaa, kwa kidole chora duara chini kwa kila puli, kisha pitisha mstari vile mkanda unavyopita, juu ya hii, chini ya ile. Katika gereji yetu udongo ulikuwa mweusi wa mafuta, hakuna aliyewahi kuufagia, na michoro yetu ilikaa mwezi mzima. Niliwahi kukuta mchoro wa gari lililokwisha kuuzwa.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Binti yangu Mwadi alikuwa anamaliza masomo ya kilimo chuoni, kule Kasapa. Alisoma udongo, miaka mitano, na mimi kila mara nilimuuliza kama udongo una mengi hivyo. Siku yake ya kwanza chuoni nilipaswa kumpeleka kwa gari, lakini gari langu lilikuwa juu ya matofali, kwa sababu nilikuwa nimetoa kipande chake na kumfungia mteja. Mnajua jinsi sisi mafundi tulivyo: gari letu ndilo la mwisho. Mwadi akapanda pikipiki kwenye mvua, akafika darasani amelowa, na matope mgongoni. Jioni ile nilimwambia, siku utakayotetea kazi yako ya mwisho, ile mnayoiita défense, nitakupeleka mimi mwenyewe, hadi mlangoni pa ukumbi. Alisema, "Sawa, Papa," kwa sauti ile ambayo mtoto hutumia akiwa hakuamini. Sauti hiyo nilikaa nayo miaka mitano.

Siku ikapangwa: Jumamosi, saa nne asubuhi. Asiyefika saa yake anarudishwa hadi kikao kingine, miezi mbele.

Wiki tatu kabla, gari lilianza kulia asubuhi kama nguruwe anayefukuzwa. Ni mkanda. Nilijua ni mkanda. Na mimi, fundi wa miaka arobaini, nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia nikaupaka. Ukanyamaza siku mbili, nikaupaka tena. Msifanye hivyo. Sabuni inanyamazisha tu, haiponyi kitu, na mkanda unazidi kuteleza. Ijumaa mchana mke wangu, Mama Mwadi, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Papa Mwadi, kesho njo utatupeleka na ile kelele? Baprofesa batasema tunaleta ngulube ku défense."

Nikafungua boneti kwa hasira, nikaupindua mkanda kwa vidole nione tumbo lake. Nyufa kila mahali, na mfereji mmoja umechanika urefu wa kiganja. Niliona haya. Kama mteja angeniletea gari katika hali ile ningemhubiria nusu saa.

Basi nikaanza kazi palepale uani. Kwa kawaida chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa yenye mchoro wa njia ya mkanda, lakini boneti yangu ilipakwa rangi zamani na fundi rangi mwenye bidii, akapaka na karatasi. Nikachuchumaa, nikachora mavumbini: maduara saba, mstari wa mkanda, alama ya mshale kuonyesha unakozungukia, na msalaba pale penye boliti ya kukaza. Mwadi akatoka ndani, karatasi zake mkononi, akataka kuupiga picha mkanda kabla sijauvua.

"Papa, niipige ile kuruwa foto mbele utoshe?"

"Foto ya nini? Miye nilianza kuchora kuruwa mbele uzaliwe. Enda usome udongo yako."

Akarudi ndani. Nikavua mkanda wa zamani, nikaenda nao hadi Kenya kutafuta mwenzake. Hapo pia chukueni somo: nenda na mkanda wa zamani mkononi, usiende na maneno. Muuzaji niliyemzoea aliupima, akahesabu mifereji, akasema wa urefu ule ataletewa asubuhi. Sikuwa na wasiwasi. Kufunga mkanda ni kazi ya nusu saa.

Nilichosahau ni kwamba uani si gerejini. Na nilisahau kwamba nyumbani kulikuwa na mgeni.

Mgeni alikuwa mama mkwe wangu, bibi yake Mwadi, ambaye wote tunamwita Kambo, neno letu la bibi. Alikuwa ametoka Likasi siku mbili kabla, kwa ajili ya mjukuu. Nieleze kidogo kwa wale wasiojua desturi yetu sisi Waluba wa zamani. Mume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawazungumzi. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Si ugomvi, ni heshima. Tangu nioe, Kambo na mimi tulikuwa tumeheshimiana hivyo miaka yote. Akiwa sebuleni mimi niko uani. Akija uani, nakumbuka nina kazi nyuma ya nyumba.

Na Kambo ni mwanamke asiyekubali kukaa bure. Jogoo hajawika, yeye ameshika ufagio.

Jumamosi saa moja na nusu nilirudi kutoka Kenya na mkanda mpya mkononi, nikipiga mluzi. Uani kulikuwa safi. Kulikuwa safi sana, na mistari ya ufagio imepangwa vizuri kuanzia mlangoni hadi kwenye gurudumu la gari. Mluzi uliishia hapo. Kutoka upande wa pili wa nyumba nilisikia sauti ya Kambo akimsimulia jirani juu ya ukuta.

"Minaamuka, minakuta nyoka mukubwa mbele ya mulango ya mutoto! Na mayai saba! Na musalaba pembeni!"

"Yesu!" jirani akasema.

"Siku ya défense njo banafanya vile, bantu babaya. Minafagia, minatupa chumvi, minaimba nyimbo tatu. Hakuna kintu inabakia."

Ni kweli, hakikubaki kitu.

Nilijiambia, wewe ni fundi, ingia kazini. Nikatia ufunguo wa gari mfukoni, jambo ambalo nanyi mfanye daima, ili mtu asije akawasha injini vidole vyako vikiwa ndani. Nikaanza kutoka chini, kutoka puli kubwa ya injini. Mara ya kwanza mkanda ulibaki mfupi kwa vidole vinne. Nikamtukana muuzaji wa Kenya, ambaye hakuwa na kosa lolote na hapa namwomba radhi. Mara ya pili uliingia. Nikashangilia peke yangu, nikawasha. Baada ya dakika chache mshale wa joto ulianza kupanda, nikazima haraka. Nilikuwa nimeupitisha kwenye pampu ya maji kwa tumbo badala ya mgongo, kwa hiyo pampu ilikuwa inazunguka kinyume. Kanuni ni rahisi hata kwa mtoto: puli yenye mifereji inapewa tumbo la mkanda, puli laini inapewa mgongo. Nilikuwa naijua tangu ninyi hamjazaliwa. Lakini pampu ile iko chini, gizani, na mikono yangu ilikuwa na haraka kuliko kichwa. Nikageuza ipasavyo, na mkanda ukawa mfupi tena. Kulikuwa na kona moja ambayo sikuikumbuka, na kona hiyo moja ilikuwa imefagiwa.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mwadi akatoka. Alikuwa amevaa suti ya bluu aliyoshonewa na mama yake, viatu vipya, nywele zimesukwa. Akatazama boneti iliyo wazi, akatazama mikono yangu. Hakulaumu. Laiti angelaumu.

"Papa, niite moto? Haina mubaya. Minaizoea."

Kwa "moto" alimaanisha pikipiki. Kwa suti ile, barabara yote ni vumbi, na sauti ni ileile ya miaka mitano iliyopita. Nikasema, "Unipe hadi saa tatu."

Ndipo wazo likanijia, na lilikuwa wazo baya kwa mtu mwenye heshima. Ule mchoro ulikuwapo bado mahali pamoja duniani, ndani ya kichwa cha Kambo. Mtu aliyemfagia nyoka akimwogopa vile hawezi kumsahau.

Nikamwita Mama Mwadi. "Uulize mama yako ile nyoka ilikuwa inapita wapi."

Mke wangu alinisogelea. "Ile nyoka njo weye ulichora?"

"Njo miye."

"Mbele ya mulango ya mutoto yako?"

"Mama Mwadi, unigombeze kesho."

Akaenda nyuma ya kona ya nyumba. Nilisikia kila neno, lakini desturi inataka nisubiri nirudishiwe. Kisha sauti ya Kambo ikapanda: "Bwana yako njo anachora nyoka? Nyimbo yangu tatu yote ya bule?" Kisha mke wangu akarudi, ameukaza uso ili asicheke.

"Anasema nyoka ilikuwa mubaya sana."

"Hiyo minajua. Ilipita wapi?"

Akaenda, akarudi. "Anasema ilizunguka mayai."

"Yai gani mbele?"

Akaenda tena. Saa inakwenda, mke wangu anakwenda, mimi nimesimama na mkanda shingoni. Mwishowe Mwadi, aliyekuwa akitazama yote hayo kutoka mlangoni, akachana ubavu wa katoni ya biskuti za karamu, akaokota kaa jikoni, akampelekea bibi yake. Kambo alikaa kwenye kiti kidogo nyuma ya kona, ametugeuzia mgongo, akachora. Hakuwahi kukaa darasani, lakini macho yake hayakupoteza kitu: mayai saba, makubwa makubwa na madogo madogo, msalaba mahali pake, na nyoka mzima. Ule mshale wangu ukawa kichwa chenye jicho. Ulimi aliongeza yeye.

Katoni ikaletwa. Nikaitazama, nikafunga mkanda, haukukubali. Nikaitazama tena. Saa tatu kasoro dakika kumi. Jasho linanidondoka kwenye betri.

Hapo nikasikia nyayo. Nilijua ni za nani, nikainamisha kichwa ndani ya boneti kama desturi inavyotaka. Nyayo zikasimama upande wa pili wa injini. Nikashika mkanda, nikaanza kuupitisha juu ya puli ndogo ya katikati, na sauti ikapasuka juu ya kichwa changu.

"Apana, weye! Haikupitaka pale! Ilipitaka chini ya ile yai kadogo, njo ikapanda! Na katoni unaishika miguu yulu!"

Nilikuwa nimeishika miguu juu. Kambo aliuona mchoro akitokea mlangoni, mimi niliuchora nikitokea kwenye gari.

Nikageuza katoni. Nikapitisha mkanda chini ya puli ndogo. Nikavuta puli ya kukaza kwa spana namba kumi na nne, mkanda ukaingia mahali pake wenyewe, tumbo kwenye mifereji, mgongo kwenye laini, bila kulazimishwa hata kidogo. Nikabonyeza kwa gumba. Ulishuka kidogo, basi.

Ndipo sote tukatambua kilichotokea. Mama Mwadi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kambo alikwisha kugeuka, akatazama ukuta, akajitengeneza kitambaa kichwani.

"Mama Mwadi," akasema kwa utulivu, "umuambie bwana yako, miye sikusemaka na yeye. Nilikuwa nasema na motere."

Nami, kichwa kikiwa bado chini ya boneti, juu ya injini hiyo aliyoitaja, nikajibu, "Umuambie motere inasikia."

Nikaongeza maji, nikawasha. Injini iliimba. Nilisubiri, nikitazama mshale wa joto: ukapanda hadi katikati, ukakaa. Nikageuza usukani kushoto na kulia, mwepesi. Hakuna kilio. Ninyi pia msikimbie kufunga boneti. Msikilize kwanza dakika tano, hata kama mna harusi. Mimi nilisikiliza dakika mbili, naungama.

Tukapanda. Mwadi mbele pembeni yangu, mama yake nyuma, Kambo nyuma kabisa upande ambao kioo changu hakimwonyeshi, sufuria magotini. Sikuwa na nafasi ya kunawa vizuri. Tulipita mji mzima hadi Kasapa na hakuna aliyezungumza, kwa sababu wote tulikuwa tunasikiliza mkanda. Saa nne kasoro dakika kumi nikasimamisha gari mbele ya ngazi za ukumbi, mlangoni kabisa, hata mlinzi akaja kunifukuza. Mwadi hakushuka mara moja. Alinishika mkono wangu mweusi wa mafuta kwa vidole vyake safi.

"Papa, unanifikisha," akasema. Haikuwa tena ile sauti.

Habari za udongo sikuzielewa zote. Nilielewa kwamba maprofesa waliuliza, naye akajibu, na mmoja wao akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walipotangaza kwamba amefaulu vizuri sana, tulitoka nje kwa vigelegele, na mnajua kwetu inavyokwenda: poda ya watoto, ya kummwagia aliyefaulu, ikatoka mikobani. Kambo alikuja na kopo zima. Alimwagia Mwadi kichwani, mabegani, suti ya bluu ikawa nyeupe, na bibi na mjukuu wakacheza palepale kwenye ngazi.

Mimi nilisimama kando, kwa adabu, nikiwa nimewapa mgongo, nikijifanya kutazama matairi. Nikasikia nyayo zile.

"Mama Mwadi," ikasema sauti nyuma yangu, "umuambie bwana yako kichwa yake iko na mafuta ya motokari. Bantu batamupiga foto vile?"

Mke wangu hakuwahi kufikisha ujumbe. Poda ilinishukia kichwani, nyingi, polepole, ikaingia shingoni na masikioni. Sikugeuka kumwona aliyeimwaga, desturi hairuhusu. Niliinamisha kichwa zaidi, ili naye asipate taabu kunifikia.